Sajini na Gari Lililoinama Upande wa Dereva

Mtaa mzima ulimwita Sajini, ingawa hakuwahi kuvaa sare ya jeshi hata siku moja. Jina lilitokana na macho yake. Ukimsalimia, alikupima kwanza kutoka utosini hadi kwenye kucha za miguu, kama mtu anayekagua mzigo uliofika umelowa, ndipo aitikie. Na alivyoitikia, ulibaki ukijiuliza kama si afadhali ungepita kimya. Alikuwa mwanamke mnene, shingo fupi, mwenye mikono ya mtu aliyepambana na usukani mgumu maisha yake yote. Na kweli alipambana nao. Tangu ujana wake mpaka anastaafu alikuwa dereva wa idara ya afya, akipeleka wauguzi na masanduku ya chanjo kwenye vijiji ambavyo barabara zake zilikuwa barabara kwa jina tu.

Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa landrova ya zamani, yenye uso bapa na milango ambayo usipoibamiza haifungi. Idara ilipoliuza kwa mnada, waliokuja kulitaka walikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sajini aliwapita wote akasimama mbele. Akalitazama gari, akawatazama wao, akasonya, kisha akalinunua yeye. Wenzake wa ofisini walisema kustaafu kumemvuruga akili. Yeye alisema ofisi ile haijawahi kuwa na mtu anayejua tofauti kati ya gari na kabati.

Dharau ilikuwa chumvi ya maisha yake. Bila hiyo siku haikuwa na ladha. Aliwadharau wenye magari mapya, akisema magari yao yana akili kuwazidi. Aliwadharau majirani waliosugua magari kila asubuhi huku hawajui oili inatiwa wapi. Mumewe aliondoka zamani, na Sajini akiulizwa alikwenda wapi, hujibu kwamba hakumuuliza. Binti yake wa pekee, aliyekuwa akiishi mji mwingine na kumpigia simu kila Jumapili, hakumdharau. Alimwonea huruma tu kwa kuolewa na mwanamume anayeshuka garini kwanza kuangalia nyuma kabla ya kurudi kinyumenyume.

Lakini aliyepata fungu kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu mdogo wake. Huyu alikuwa na duka la magodoro barabara ya pili, na watu wakamwita Godoro, kwa ajili ya biashara na kwa ajili ya umbo pia. Alikuwa mtu mkubwa, laini, wa maneno ya polepole, ambaye kila akikaa mahali huonekana kama amepanga kukaa hapo mpaka wiki ijayo. Siku mdogo wake alipofariki, Sajini alifika msibani akamkuta Godoro amelala fofofo kwenye kochi, mdomo wazi, waombolezaji wakimruka miguu. Hakumwamsha. Alisimama akamtazama, na tangu siku ile hakumpa zaidi ya salamu, tena salamu ya kumtupia, kama mtu anavyomtupia mbuzi maganda.

Basi mvua za mwaka ule zikaharibu njia ya kwenda shambani kwake, juu mlimani. Maji yalichimba mfereji katikati na kuacha mawe wazi, na kila Sajini alipopanda, mawe yalikwaruza tumbo la gari mpaka meno yakamuuma. Akaamua kuliinua. Akaagiza springi mpya, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, lakini zenye upinde mkubwa kuliko za kwanza, na shokapu ndefu za kuendana nazo. Kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kulining'iniza gari zima, akalipeleka gereji kwa fundi mmoja aliyejiita Injinia.

Injinia alivaa miwani ya jua kichwani hata ndani ya gereji, na alikuwa hodari wa kupiga picha kila gari alilomaliza. Sajini alimdharau tangu mlangoni. Lakini mafundi wengine walikuwa wameshakosana naye, kwa hiyo hakuwa na pa kuchagua.

Alipokwenda kulichukua, gari lilikuwa limepanda kweli. Matairi yalionekana yote, na chini yake mbwa wa gereji alipita bila kuinamisha kichwa. Ila Sajini hakuhitaji hata kuingia getini ili aone. Gari lilikuwa limeinama upande wa dereva, kama mtu aliyebeba ndoo moja.

"Limelala," alisema.

"Halijalala, Mama," Injinia akajibu, akilizunguka na simu yake. "Springi mpya zina tabia hiyo. Litembeze kidogo, litakaa sawa lenyewe."

"Upande mmoja tu ndio wenye tabia?"

Injinia akashusha miwani machoni, akaipandisha tena. Wasaidizi wake wawili waliacha kufanya walichokuwa wakifanya.

"Mama, naomba usinielewe vibaya. Gari hili lina tangi la mafuta chini ya kiti cha dereva. Usukani uko upande huo. Halafu na dereva mwenyewe..." Akaonyesha kwa mikono miwili upana fulani, akagundua amefika mbali, akairudisha mikono mifukoni. "Nasema tu, uzito umekaa upande mmoja."

Sajini alimtazama. Alimtazama kwa muda hata mmoja wa wasaidizi akakohoa.

"Springi zangu za zamani ziko wapi?" akauliza.

"Zile takataka? Ziko nyuma huko."

"Zipakie."

Akazipakia mwenyewe Injinia, jasho likimtoka, naye Sajini akisimama pembeni bila kunyoosha hata kidole. Kisha akaingia kwenye gari. Kiti kikashuka, gari likaongeza kuinama kidogo, na mtu mmoja nyuma ya gereji akacheka kwa pua. Sajini akawasha, akaondoka, akaendesha mpaka nyumbani huku usukani ukimvuta kando kama punda mwenye nia yake.

Kilichomuudhi si kuitwa mnene. Hilo alikuwa akilijua, na wala hakuona kama ni kazi ya mtu mwingine kumjulisha. Kilichomuudhi ni kwamba mle ndani ya upuuzi wa Injinia mlikuwa na punje ya ukweli, na kupewa ukweli na mtu wa namna ile ni kama kuokotewa kofia na mtu unayemdai radhi.

Akatoa futi ya kupimia, akaanza kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye ukingo wa madigadi, bati lililo juu ya gurudumu, kila pembe. Vipimo vikagoma kuelewana. Akajaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama wafanyavyo mafundi wa kujenga, akapima na uwanja wake. Uwanja wenyewe ulikuwa umeteremka. Akajaribu barabarani; barabara nayo ilikuwa na mgongo. Akazunguka mtaa na ule mpira wake kwapani, akipima penye saruji ya watu bila kuomba, na kila mahali akiondoka na tusi dogo kwa fundi aliyemwaga ile saruji. Mwishowe akapata sakafu moja iliyonyooka kama maji kwenye sinia. Ilikuwa mbele ya duka la Godoro, pale yanaposhushwa magodoro.

Ilimchukua siku kadhaa kulimeza hilo.

Alipokwenda, alisimamisha gari pale, akashuka, akasema bila salamu, "Nahitaji sakafu yako."

Godoro alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki kilichotanua miguu. "Karibu, shemeji," akasema. "Sakafu hiyo ni yako."

"Si yangu. Naiazima."

"Basi azima."

Sajini akaanza kazi, na Godoro akabaki amekaa, akitazama. Kutazamwa na mtu aliyekaa ni jambo ambalo Sajini hakulipenda, lakini sakafu ilikuwa yake. Alipolala chali kuingia chini ya gari, Godoro akainuka polepole, akaingia dukani, akatoka na godoro jembamba lililo bado ndani ya nailoni, akalisukuma chini kwa mguu.

"La nini hili?" Sajini akauliza kutoka chini.

"Saruji ina baridi."

Sajini alisema hajawahi kuona kitu cha kijinga kama godoro chini ya gari. Akalilalia.

Alilolikuta kule chini lilimtia furaha ya chuki, furaha aliyoipenda kuliko nyingine zote. Injinia alikuwa amezikaza boliti za ncha za springi gari likiwa limening'inia hewani. Mipira iliyo ndani ya zile ncha ilishikwa ikiwa imejipinda, na gari liliposhushwa, ikakataa kujinyoosha. Upande mmoja ukabaki umenuna, mwingine umekubali. Sajini akazilegeza boliti zote, akatoka, akalitikisa gari kwa kiganja na kwa nyonga mpaka likashuka, likatua, likatulia. Kisha akazikaza upya, magurudumu yakiwa chini na uzito wote ukiwa juu yake.

"Kumbe ni yeye," alisema, akijifuta mikono. "Ameweka springi kama mtu anayefunga mkanda amesimama kwa kichwa."

Akapima. Pembe zikakaribiana sana. Lakini alipoingia kwenye kiti na kumwambia mpita njia mmoja amsomee futi, mpita njia akasoma, na ikawa upande wa dereva bado uko chini kwa upana wa vidole viwili. Akamwambia asome tena. Akasoma vilevile. Akamwambia hajui kusoma, akamfukuza.

Ilibidi apime mwenyewe, na ili apime mwenyewe, ilibidi kitu kingine kikae kwenye kiti badala yake. Akaleta magunia ya mchanga. Gunia la kwanza likajilaza kwenye gia. La pili likapasuka kwenye kiti cha zamani, na Sajini akatumia muda mrefu akiuchota mchanga kwenye mishono kwa kijiko, akisonya kila kijiko.

"Shemeji," Godoro akasema kutoka mlangoni. "Mimi na wewe tunaelekea uzito mmoja."

Sajini hakugeuka.

"Nasema tu. Na mimi sipasuki."

Ndivyo ilivyokuja kuwa Godoro akakaa kwenye kiti cha dereva cha landrova ile, kiti ambacho hakikuwahi kukaliwa na mwanamume yeyote tangu idara ilipomkabidhi funguo. Alipanda kwa shida, mguu mmoja, kisha kupumzika, kisha mguu wa pili. Gari likazama upande wake sawasawa na lilivyozama kwa Sajini. Sajini aliliona hilo, na hakulifurahia.

"Usiguse kitu," akasema. "Weka mikono mapajani. Usiegemee mlango."

"Naweza kupumua?"

"Kidogo."

Kazi ikawa ya kupanda na kushuka. Sajini akitaka kuingiza jeki alisema "Shuka," akitaka kupima alisema "Panda," na Godoro alishuka na kupanda, shati likimganda mgongoni, bila kulalamika. Sajini alingoja alalamike. Alikuwa na jibu tayari, zuri, na lilimkaa mdomoni bila kazi.

Alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, futi mkononi, Godoro akiwa juu kitini, aliposikia sauti ile ya polepole ikimshukia.

"Marehemu alikuwa akisema hili gari unalipenda kuliko watu."

"Alisema kweli. Usitikisike."

Kisha Godoro akasema, "Shemeji, nikuulize kitu. Kwa nini hunisemeshi?"

Sajini hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, na swali hili alilingojea miaka. Hakuinua hata uso kutoka kwenye futi.

"Ulilala. Mke wako yuko ndani amefunikwa shuka, wewe uko sebuleni unakoroma."

Aliposema hivyo alitarajia kusikia kiti kikilia, mtu akigeuka kujitetea. Kiti hakikulia. Godoro alikuwa bado ameweka mikono mapajani kama alivyoambiwa.

"Nililala kweli," akasema. "Nilikuwa sijalala vizuri tangu mvua zianze. Usiku ndio ulikuwa unamuuma zaidi. Nilikuwa namgeuza, huku na huku."

"Mvua zipi? Aliugua siku chache tu."

"Wewe uliambiwa siku chache."

Sajini akaiacha futi. Ilijikunja yenyewe ikarudi ndani ya kasha lake.

"Nani alisema nisiambiwe?"

"Yeye. Nilishika simu mara nyingi, shemeji. Akasema, usimwite. Akasema, akija atanitazama vile anavyotazama watu. Acha kwanza nipate nafuu, nipate hata nguvu ya kufagia, ndio aje."

Mtu alipita na baiskeli, akasalimia, hakuitikiwa. Sajini alibaki amepiga magoti. Dharau yake iliinuka kama kawaida yake na kuzunguka ikitafuta pa kutua. Ilimwendea Godoro, ikamkuta amekaa na mikono mapajani. Ilimwendea mdogo wake, mwanamke mzima aliyeogopa kutazamwa na dada yake, na pale ikashindwa hata kukanyaga.

"Na wewe ukamsikiliza," alisema mwishowe. "Mwanamume mzima. Umeambiwa usipige simu, hupigi."

"Nilimsikiliza. Alikuwa mke wangu."

"Shuka," Sajini akasema.

Godoro akashuka. Sajini akaingiza jeki chini ya chesisi, akaweka stendi, akafungua yubolti, zile boliti zilizopinda kama kwato zinazobana springi kwenye ekseli. Kutoka kwenye springi za zamani, zile ambazo Injinia aliziita takataka, alikuwa amechomoa chuma kimoja chembamba na kukisugua kutu. Akakipanga kati ya vyuma vya springi ya nyuma, upande wa dereva, akafunga boliti ya katikati, akarudisha yubolti, akakaza nati. Zilipokuwa zimekaza, alizikaza tena. Kisha akabaki amelala palepale juu ya godoro la nailoni, spana kifuani, akitazama tumbo la gari lake. Godoro, aliyesimama nje, aliona viatu vyake tu, na viatu havikusogea. Hakuuliza kitu. Alikwenda dukani akamhudumia mteja aliyetaka mto, akarudi, akavikuta viatu bado viko vilevile.

Baadaye sauti ikatoka chini. "Yule Injinia ni mjinga."

"Ni mjinga," Godoro akakubali.

"Mjinga wa kusomea."

Alitoka uso umepakwa grisi upande mmoja, macho mekundu, na kama kuna aliyetaka kusema ni vumbi, vumbi lilikuwepo la kutosha. Akashusha gari. "Panda," akasema.

Godoro akapanda. Sajini akapima pembe ya kwanza, akazunguka, akapima ya pili, ya tatu, ya nne, akarudi ya kwanza kwa kutoiamini. Kisha akarudi nyuma hadi katikati ya barabara, akalitazama gari kwa mbele, jicho moja limefungwa. Lilikuwa limesimama wima, uso wake bapa ukitazama barabara sawasawa, madigadi zote mbili mstari mmoja. Hata Godoro, kichwa chake kikubwa kikionekana nyuma ya kioo, alionekana mtu wa maana kidogo.

Alilitazama vile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Magari mawili yalimzunguka, la pili likapiga honi, naye akalikata jicho bila kusogea.

"Tayari?" Godoro akauliza.

"Tayari. Shuka uniachie kiti changu."

Alipokwisha kukusanya spana zake alilikunja lile godoro la nailoni, lililokuwa sasa na alama nyeusi ya mgongo wake, akalibeba mpaka mlangoni. Alijua kwamba mtu wa kawaida hapo angesema asante. Akalitafuta neno hilo, akalipata, akaligeuza mdomoni.

"Kazi ya kukaa unaiweza," alisema.

Godoro alicheka hadi kiti cha plastiki kikatanua miguu zaidi. "Marehemu naye alikuwa akisema hivyo hivyo."

Kesho yake Sajini alipanda mlimani. Mawe yaliyokuwa yakimkwaruza aliyapita kama yamelala, tumbo la gari likiwa juu yake kwa nafasi ya kupitisha kichwa cha mtoto, na usukani haukuvuta popote. Alipofika shambani alizima, akakaa ndani muda mrefu bila kushuka, mikono mapajani. Kisha alishuka akapalilia mpaka jua likageuka, na jirani wa shamba alipomwambia gari sasa limependeza, alimjibu kwamba gari si bibi harusi.

Jumapili binti yake akapiga simu. Baada ya salamu akauliza, "Mama, nimesikia ulikuwa kwa baba mdogo."

"Nilikwenda kuazima sakafu."

"Mmepatana basi?"

"Tupatane kwa lipi? Yule ni mtu wa hovyo. Hana haraka na kitu. Ukimwambia kaa, anakaa, usipomwambia, amekaa."

Binti akacheka, halafu akasema kama anayepima maji kwa mguu. "Mama, alishawahi kukuambia habari za mama mdogo alivyougua?"

Sajini alikuwa amesimama dirishani. Nje, gari lake lilikuwa limesimama sawa katika uwanja usio sawa.

"Kumbe na wewe ulijua," alisema.

"Marehemu alinikataza, Mama."

"Ndiyo. Alikuwa hodari wa kukataza watu." Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, naye hakuwa na kawaida ya kukaa akizungumza na simu. "Mlikuwa mnaniogopa nyote?"

"Wakati mwingine," binti akasema.

Sajini akaitikia kwa koo tu. Waliongea kidogo habari za watoto, na za mkwe, ambaye safari hii hakusemwa vibaya sana. Karibu na mwisho Sajini akasema kwamba Jumamosi atakuwa na kazi, asipigiwe asubuhi. Springi mpya zikishatembea, zile yubolti hulegea, lazima zikazwe tena.

"Utamrudia Injinia?"

"Yule? Nitazikaza mwenyewe, pale kwenye sakafu. Nimemwambia Godoro awepo."

"Wa nini?"

"Lazima mtu akae kwenye kiti," Sajini akasema.

Kukaza yubolti hakuhitaji mtu yeyote kwenye kiti. Lakini binti hakujua mambo ya magari, na mama yake hakuona sababu ya kumfundisha kwa simu.